Chakula cha Mtu wa Nne

Kwamboka alinipigia simu Jumamosi asubuhi nikiwa naosha mchele, na kwa vile yeye si mtu wa kupiga simu asubuhi, nilijua kuna jambo kabla hajasema lolote. "Njoki, umekaa chini?" akauliza. Nikamwambia nimesimama na nitaendelea kusimama, aseme tu. "Mzee Tolliver alipass away. Two weeks ago. Mke wake anavolunteer huku kwetu hospitali, ndio nimeambiwa leo. Wameshamzika." Nikafunga bomba la maji. "Na anakuuliza," akaendelea. "Anasema kuna kitu chako uende ukichukue. Njoki, uende. Usifanye ile kitu yako." Nilitaka kumuuliza kitu yangu ni ipi, lakini niliijua. Kutoka kwangu Herndon, hapa Marekani, hadi nyumbani kwa Mzee Tolliver kule Springfield ni nusu saa kwa gari, foleni ikiwa na huruma, na kwa karibu miaka kumi na minane nilikuwa sijaikanyaga barabara hiyo kwa ajili yake. Niliumwaga mchele kwenye sufuria, nikasahau kutia chumvi, nikaketi mezani nikalia kama mtoto aliyenyimwa kitu.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja tu, katikati ya miaka ile ya elfu mbili, wakati simu zetu zilikuwa za kufunguka na kufungwa na kadi za kupigia nyumbani zilikuwa za kukwangua. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na nilikuwa nalipwa mshahara kupanga safari ya watu watatu kwenda kwenye jiwe. Ndivyo nilivyowaeleza watu kanisani, na ndivyo nitakavyoeleza hapa, maana sijapata namna nyingine iliyo bora. Asteroidi ni jiwe linalozunguka jua kama dunia inavyozunguka, na baadhi yake hupita karibu nasi, ingawa "karibu" ya watu wa anga si karibu ya mtu anayetembea kwa miguu. Jiwe letu lilikuwa na ukubwa wa kilima. Halikuwa na jina, lilikuwa na namba na herufi mbili tu. Kulifikia ni miezi mitatu, kukaa kando yake ni majuma mawili, kurudi ni miezi mitatu mingine, na mkishaondoka hakuna kugeuza njiani, kwa sababu njia ya kurudi nyumbani hupitia kwenye jiwe lenyewe. Hilo la kutogeuza njiani lilinikaa moyoni sana. Mimi nami nilikuwa nimetoka Nakuru kwa safari ya namna hiyo.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ghorofa moja la matofali ya kahawia pale Laurel, nyuma ya duka la mazulia, na ilikuwa na kandarasi ya kuandika mpango ambao shirika la anga la serikali lingeusoma na kuamua kama unafaa kuendelea. Kwa kuwa nilikuwa nimesomea lishe, nilipewa jedwali la chakula na maji: kila mwanaanga ale nini, kila siku, kina uzito gani pamoja na pakiti zake na takataka zake. Mkuu wetu alikuwa Mzee Tolliver, Mmarekani mweusi mwenye ndevu nyeupe na sweta ya kijani aliyoivaa hadi viwiko vikaonekana. Alikuwa amejifunza Kiswahili ujanani kwenye madarasa ya jioni, wakati watu wengi wa rika lake walikuwa wanatafuta lugha ya kuita yao, na tangu hapo alikizungumza na yeyote aliyekuwa na subira. "Hujambo, Dada Njoki?" alinisalimu siku yangu ya kwanza. "Je, ulisafiri salama kutoka nyumbani kwako?" Nyumbani kwangu palikuwa vituo viwili vya basi kutoka pale. Nikamwambia nilisafiri salama, Mzee, nashukuru. Alikuwa anaogopa ndege kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, hajawahi kufika Afrika Mashariki wala hata California, na kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kupanga safari za watu wengine kwenda mbali. Mipango yote hiyo iliishia kabatini. Huu wa jiwe ulikuwa wa mwisho. Mwishoni mwa mwaka angestaafu, na wote ofisini tulijua kwamba jopo la shirika hilo la anga, lililopangwa Oktoba, lingeukubali au Mzee aende nyumbani bila hata mmoja.

Kulikuwa na chumba kisichotumika mwisho wa ukumbi, na Mzee alikuwa amebandika tepu ya bluu kwenye zulia kuonyesha ukubwa halisi wa mahali ambapo wale watatu wangeishi. Palikuwa padogo kuliko jikoni kwetu. Alitaka tule chakula cha mchana humo ndani ya tepu, watatu watatu kwa zamu, ili tuone viwiko vinagongana wapi. Wenzangu walienda mara mbili tatu wakachoka na utani huo. Mimi nilienda kila siku. Mzee alizima taa za dari ikabaki ile nuru ya dirishani, ya kijivu majira ya baridi na ya kijani miti ilipochipua, nikafungua kibakuli changu cha githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, naye akafungua mkate wake wenye siagi ya karanga, tukala polepole kana kwamba tumebakiza wiki nyingi. Huo ndio wakati alipokuwa ananieleza kuhusu kuwasili. "Hatutatua," alisema, akichagua kila neno. "Jiwe hilo halina nguvu ya kutushika. Ukiruka kidogo juu yake, unakwenda zako. Kwa hiyo tutasimama kando yake, na kulitazama, na kulingoja." Nikamuuliza, "Kama mtu anayebisha hodi?" Akafurahi mno, akapiga goti lake. "Naam! Tutabisha hodi." Kuna siku nilikaa pale baada ya yeye kwenda mkutanoni, kibakuli mapajani, nikaona ile tepu imekuwa ukuta, na nje ya ukuta kilima cheusi kinageuka bila sauti, upande mmoja juani na mwingine gizani, na sikutamani kurudi kwenye meza yangu. Leo nikiulizwa niliwahi kuwa na furaha lini katika nchi hii, ni chumba hicho kinachonijia kwanza, na kinakuja na harufu ya maharagwe.

Nyumbani tulikuwa watatu pia. Kwamboka, msichana wa Kisii mwenye kicheko cha kuamsha jirani, alikuwa anahudumia wazee kwa zamu. Mama Neema, nesi wa Mwanza aliyetuzidi umri kwa miaka ishirini, ndiye aliyekuwa na jina kwenye mkataba wa nyumba na kauli ya mwisho juu ya sufuria. Kwa sababu ya zamu zao ilikuwa nadra sisi sote kula pamoja, basi anayepika alipakua na sahani za waliotoka, akazifunika kwa sahani nyingine. Lakini hazikuwa mbili zilizofunikwa. Siku zote kulikuwa na moja zaidi. Tulikuwa watatu na tulipika cha wanne, kwa maana hapakosi mtu: wa kutoka kanisani, wa kutoka zamu, aliyegombana na mumewe, aliyefika jana uwanja wa ndege na hajui aanzie wapi. Wala hatukuwa tukilizungumza jambo hilo. Nilipoanza kazi ya jiwe, Mama Neema aliniuliza mara moja tu, akikuna nazi, "Na huko mnakowapeleka, nani anawapokea?" Nikasema hakuna mtu. "Hakuna mtu! Miezi mitatu njiani, halafu hata wa kukwambia karibu maji hakuna. Mdogo wangu, hiyo safari mmeipanga vibaya." Nilicheka sana. Nilikwenda kumsimulia Mzee ndani ya tepu, naye hakucheka, aliliandika kwenye daftari lake.

Jumapili moja mwezi wa Septemba Mzee alikuja mwenyewe kwetu kuniletea makaratasi niliyoyasahau ofisini. Alisimama mlangoni na sweta yake, anataka kuondoka mara moja, lakini Mama Neema alikuwa amepika, na hakuna mtu aliyewahi kuondoka kwenye mlango ule siku ambayo Mama Neema amepika. Kwamboka akamvuta kiti. "Ingia Mzee, usijali, usi-stress, ni ugali tu." Alinawa mikono, akafundishwa kumega na kubonyeza tonge, akachafua ndevu kwa mchuzi wa samaki na hakujali. Kisha akaiona ile sahani iliyofunikwa pembeni ya jiko. "Je, sahani hii ni ya nani?" akauliza. "Ya mgeni," akasema Mama Neema. "Mgeni yupi? Je, anakuja saa ngapi?" Mama Neema akamtazama kama anavyotazama mgonjwa anayebishia dawa. "Baba, wewe hiyo unayokula ulidhani imetoka wapi? Hii nimepakua sasa hivi. Ya kwako uko nayo." Mzee akaweka tonge chini. Alitazama sahani yake, akatazama ile nyingine, akasema taratibu, "Kwa hiyo mlikuwa mnaningoja." Kwamboka akasema, "Si wewe specifically, Mzee. Mtu tu." Akakaa pale hadi alasiri, na wakati wa kuaga alimshika Mama Neema mikono miwili kwa muda mrefu.

Sasa nifike mahali nisipopapenda. Majuma matatu baadaye tulikuwa kwenye chumba kirefu mjini Washington, meza yenye kung'aa, wajumbe sita wa jopo upande ule na sisi upande huu. Mzee alikuwa amevaa suti kwa mara ya kwanza. Aliongea vizuri, kwa sauti ya chini, na nikaona wajumbe wawili wamesahau kuandika wakawa wanamsikiliza tu, nikaanza kuota kwamba jiwe letu linakwenda kupata watu wake. Ndipo mwanamke mmoja mwenye mvi fupi akafungua kurasa za nyuma. Alizungumza Kiingereza kisicho na haraka. "Nina swali dogo kwenye jedwali la chakula. Wanaanga wenu ni watatu. Hapa mmelisha watu wanne kwa miezi yote. Huyu wa nne ni nani?" Mtu akacheka. Mwingine akasema labda ni jirani wa kule kwenye jiwe. Nilitazama ukurasa wangu na nikaliona kosa, liko wazi kama kidonda: kwenye kisanduku cha juu kabisa, mahali pa idadi ya walaji, nilikuwa nimeandika nne. Nilikuwa nimelianza jedwali hilo nyumbani, kwenye meza ya jikoni, nikipima vyakula vyetu wenyewe ili nione kama namba za vitabuni zina ukweli. Mkono wangu uliandika nne kama ulivyozoea kupakua nne. Na kutoka kwenye kisanduku hicho kila kitu kilifuata: chakula, maji, pakiti, rafu, takataka, hadi chombo chenyewe kikazidi uzito ambao roketi ingeweza kuubeba.

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Tolliver alisimama. "Namba hiyo ni yangu," akasema. "Niliiona na nikaiacha." Yule mwanamke akauliza kwa sababu gani. "Kwa sababu watu walio mbali hivyo, wasioweza kugeuka, wanahitaji kuwa na kitu ambacho si chao." Yule mwanamke akamjibu, bila ubaya, kwamba hicho kinaitwa akiba, na akiba walishaiweka kwenye ukurasa mwingine. Mzee akasema anajua, akaketi. Mimi nilitazama mikono yangu. Niliamini pale pale, na niliendelea kuamini miaka yote hiyo, kwamba mzee yule mkweli kuliko wote niliowajua alikuwa amesimama mbele ya watu aliowangoja miaka thelathini akadanganya ili mimi nisiaibike. Jibu lilikuja Novemba. Mpango uwekwe kando, fedha na akili zielekezwe mwezini. Barua ilitaja mambo mengi, na uzito ulikuwa mmoja wao, mstari mmoja katikati ya kurasa mbili. Mimi nilisoma mstari huo tu. Desemba tulikata keki ya kustaafu kwake ndani ya ile tepu ya bluu, nikala kipande kimoja nikiwa nimesimama nje ya mstari, na Januari nikahamia Herndon kupanga vyakula vya wagonjwa, mahali ambapo anayelishwa unamwona kitandani na unaweza kumhesabu.

Alinipigia simu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kosa lenyewe. Alinipigia kila baada ya miezi michache, kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi. "Dada Njoki, Jumapili hii chakula kipo. Je, utakuja?" Nami nilimjibu, "Nitakuja, Mzee, Mungu akipenda." Kwetu mtu hamwambii mzee kwamba haji. Unamwambia utakuja, naye anaelewa kutokana na jinsi ulivyosema, hakuna anayeumia na hakuna anayepakua. Sikufikiria kwamba yeye hakulelewa kwetu. Aibu ilikuwa imenishika kiasi kwamba nikiona namba yake nilijisemea nitakwenda nikishapata la kumwambia, na la kumwambia halikupatikana. Baada ya miaka mitatu hivi simu zikakoma. Nilishukuru. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilishukuru.

Nilikwenda Jumapili, kesho yake ya simu ya Kwamboka. Nyumba ilikuwa ya vyumba vichache kwenye mtaa mtulivu, magari ya barabara kuu yakisikika kwa mbali kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Bi Loretta, mkewe, mwanamke mwembamba aliyekuwa ameshavaa aproni, alinifungulia kabla sijagonga. Hajui Kiswahili, basi tuliongea Kiingereza. Nilimpa pole kwa namna zote nilizozijua. Alinipeleka kwenye meza ndogo ya Mzee, akanikabidhi faili lenye kamba, jina langu limeandikwa juu kwa herufi ndogo za Mzee. Ndani kulikuwa na ile tepu ya bluu, iliyobanduliwa na kuviringishwa kama bandeji, na nakala ya jedwali langu la chakula. Pembeni ya ile nne, kwa penseli, kulikuwa na maneno: "Sahani ya mgeni. Iachwe." Chini yake tarehe. Ilikuwa Jumatatu, siku moja baada ya ugali wa Mama Neema, majuma matatu kabla ya jopo. Hata alipojiandikia mwenyewe hakukosea ngeli.

Nilikasirika. Sitaki kusema nilifarijika kwanza, maana nilikasirika. Mzee wa watu! Aliliona kosa langu, angelifuta kwa sekunde moja, na mpango wake wa mwisho pengine ungepita. Aliliacha kwa hiari yake, akasimama akasema kweli tupu, na mimi nikaibeba kweli hiyo miaka kumi na minane nikiiita uongo wa huruma. Angeniambia! Kisha nikakumbuka zile simu zote, nikaelewa ni nini alichokuwa anajaribu kuniambia, na kwamba hakutaka kulisema kwenye simu, alitaka tuwe mezani. Hasira ikaniishia pale pale kwenye kiti chake. Nilimuuliza Bi Loretta kama mumewe alijuta. Akasema alisikitikia lile jiwe hadi mwisho, alikuwa akitoka nje kulitafuta angani kwa darubini ndogo ingawa alijua halionekani. "Lakini kuhusu ile namba, hapana," akasema. "Alisema hiyo ndiyo sehemu pekee ya mpango aliyoielewa kikamilifu."

Akaenda jikoni. Nilimfuata nikimwambia asijisumbue, nimeshakula, nitakuja siku nyingine. Nilijisikia nikiyasema maneno hayo, "nitakuja", kwa sauti ile ile. Bi Loretta alikuwa amesimama mbele ya jiko. Juu yake kulikuwa na sahani mbili, moja wazi na nyingine imefunikwa kwa sahani. "Mimi na yeye tulikuwa wawili tu," akasema, "lakini kila Jumapili alikuwa ananiambia, pika cha watatu, Njoki amesema anakuja. Aliacha kukupigia ili usione unasukumwa. Sahani hakuiacha. Jumatatu aliila yeye mwenyewe. Leo nimepika kama kawaida, mkono haujazoea." Akataka kuipasha moto. Nikamwambia hapana, iwe kama ilivyo. Nilinawa mikono kwenye sinki lake, nikaketi kwenye kiti kilichokuwa na ukuta nyuma yake, nikaifunua. Kuku na wali na mboga za majani, vimeshapoa. Nikala chote.